Intaneti ikigoma kwenye mashua ya matanga: dalili kwa dalili

Ukiishi muda kati ya watu wanaosafiri kwa mashua za matanga, malalamiko yao kuhusu intaneti utayajua kwa moyo, hata unaweza kummalizia mtu sentensi. Ruta inajizima yenyewe. Vijiti vimejaa lakini hakuna kinachofunguka. Mwaka jana ilikuwa safi, sasa inasuasua. Bando limekwisha na hatujafanya kitu. Na mara nyingi anayelalamika ameshanunua antena mpya, tena ya bei, kabla hajashika multimita ya kupimia umeme. Mimi mwenyewe nilinunua mbili. Kosa lilikuwa kishikio cha fyuzi kilichoota kutu.

Basi hapa tunakwenda kwa dalili. Chini ya kila moja nimetanguliza kisababishi kinachojirudia zaidi, cha nadra kikaja mwisho. Penye neno "Simama", simama kweli.

Kwanza, kata njia katikati

Kati ya betri na simu iliyo mkononi mwako kuna vipande vingi: nyaya za umeme, ruta, kebo ya antena, antena, mnara au setilaiti, na akaunti uliyolipia. Usianze kupekua kimoja kimoja. Toa laini kwenye ruta, itie kwenye simu, panda sitahani. Simu ikipata intaneti, mnara na akaunti ni wazima, na ugonjwa uko ndani ya mashua yako. Isipopata, acha bisibisi mfukoni, maana hakuna utakachofungua ndani kitakachosaidia. Jaribio hili huchukua dakika tano, na nimeona watu wakilikwepa kwa siku tatu.

Kama laini ni ya kielektroniki (eSIM) na haihamishiki, angalia simu ya jirani inayotumia mtandao uleule. Kwa dishi la setilaiti, programu yake hukwambia kama imekosa anga, imekosa umeme, au akaunti imesimamishwa. Isome kabla ya kukisia.

Ruta au dishi linajizima na kujiwasha

Hii ndiyo dalili inayosingiziwa "mtandao mbovu" kuliko zote. Alama yake: inatokea friji inapowaka, winchi ya nanga inapovuta, au usiku wa manane betri zikiwa zimeshuka. Karibu kila mara ni upungufu wa volti.

Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye plagi inayoingia kwenye ruta, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Ukipima kifaa kikiwa kimezimwa hutaona kitu, kwa sababu volti hupotea njiani pale tu mkondo unapopita. Ukikuta 12.4 kwenye betri na 11.1 kwenye plagi, umempata mwizi: yuko kati ya sehemu hizo mbili.

Anza na viungo. Fungua kishikio cha fyuzi, angalia ukijani, kwaruza, kaza. Gusa viungo kwa kidole kifaa kikiwa kinafanya kazi. Kiungo chenye joto ni kiungo kibovu. Ndipo uje kwenye unene wa waya. Watu hununua waya mwembamba kwa kuwa "ruta ni kitu kidogo", halafu mwaka unaofuata wanafunga dishi la setilaiti kwenye waya huohuo. Piga hesabu: dishi linalokula wati 75 huvuta zaidi ya ampea 6 kwenye volti 12, na ukijumlisha upotevu fanya 7. Waya wa milimita za mraba 0.75, umbali wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, utapoteza takriban volti 1.3. Waya wa milimita za mraba 6 katika umbali uleule hupoteza chini ya volti 0.2. Ukinunua, chukua waya wa shaba uliopakwa bati. Shaba tupu baharini hugeuka nyeusi ndani ya ganda lake na hutajua.

Kama viungo na waya ni safi, jiulize kama betri zenyewe zinatosha. Wati 75 mchana na usiku ni kama saa-ampea 150. Mwenye betri za asidi za saa-ampea 200, ambazo si vizuri kuzishusha chini ya nusu, ana 100 tu za kutumia. Hapo hakuna kebo itakayomsaidia. Zima dishi usiku, au tafuta dishi dogo, au ongeza sola. Tena kama unapandisha volti 12 hadi 230 kwa inveta, halafu adapta inashusha tena, unalipa ushuru mara mbili njiani. Kigeuzi cha moja kwa moja kutoka volti 12 hadi volti za kifaa hupunguza hasara hiyo.

Kisababishi cha mwisho ni joto. Ruta iliyofungiwa kwenye kabati lisilo na hewa, chini ya sitaha inayopigwa na jua, itakata alasiri na kupona jioni. Fungua mlango wa kabati siku moja uone.

Simama: fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi. Ukinusa plastiki inayoungua, kata umeme kwenye swichi kuu. Na chochote kinachohusu umeme wa nchi kavu wa volti 120 au 230, au betri za lithiamu zinazojikata zenyewe, mwite fundi umeme wa vyombo vya baharini. Fundi wa nyumba hatoshi. Umeme huo ukivujia majini unaweza kuua waogeleaji.

Vijiti vimejaa, hakuna kinachofunguka

Vijiti hupima nguvu ya mawimbi kati yako na kifaa kilicho karibu, basi. Simu iliyoungana na ruta ya mashua itaonyesha vijiti vyote hata kama ruta yenyewe haijaona intaneti tangu juzi. Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta uangalie kama yenyewe imepata anwani kutoka nje.

Mkiwa marinani, kisababishi cha kwanza ni ule ukurasa wa kuingilia ambao haukutokea. Zima VPN, zima DNS ya faragha kwenye simu, fungua kivinjari na uandike anwani inayoanza na http bila herufi s. Mara nyingi ukurasa utachomoza. Ukidaiwa kuingia upya kila baada ya saa chache, angalia kama simu inabadilisha anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kwenye Wi-Fi. Marina hukuona mgeni kila mara.

Cha pili kinawatesa hata wanaojua kompyuta. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikigawa anwani za 192.168.1. Ruta ya marina nayo inagawa hizohizo. Ruta yako ikiungana nayo, inajikuta na mtandao mmoja mbele na nyuma, haijui ipeleke wapi barua. Kila kitu kinaonekana kimeungana na hakuna kinachopita. Badilisha mtandao wa ndani ya mashua uwe 192.168.50 au namba nyingine isiyozoeleka, zima ruta, washa. Fanya hivyo leo hata kama huna tatizo. Bandari ijayo huenda ukalipata.

Cha tatu: unamsikia, yeye hakusikii. Antena ya nchi kavu ina sauti kubwa, simu yako ina sauti ndogo. Unaliona jina la Wi-Fi ya mkahawa ulio mbali, unaungana, halafu kimya. Ruta yenye antena ya nje ndiyo dawa, au kusogea.

Halafu kuna msongamano, ambao hauna dawa ya kiufundi. Jaribu saa kumi na moja alfajiri. Ikiwa alfajiri inakimbia na jioni inatambaa, mnara umejaa watu. Kama ruta inakubali, ilazimishe kutumia bendi nyingine. Wakati mwingine bendi yenye vijiti vichache ndiyo yenye nafasi. Usitazame nguvu ya mawimbi peke yake. Kwenye ukurasa wa ruta kuna namba mbili za kusoma: RSRP, inayopima nguvu ya mawimbi, ambapo -80 ni nzuri na -110 ni hafifu, na SINR, inayopima usafi wake dhidi ya kelele. SINR ikiwa juu ya 20 furahi. Ikishuka chini ya 0, vijiti vitano havina maana, ni kelele.

Mtandao unakuja na kuondoka mashua ikizunguka nanga

Upepo ukigeuka, mashua inageuka, na mlingoti wa alumini au mwili wa chuma unakaa kati ya antena na mnara. Chora kwenye karatasi: saa, mashua imeelekea wapi, mtandao upo au haupo. Siku mbili zinatosha kuona mtindo. Kama ni kivuli cha mlingoti, hamisha antena au ongeza ya pili upande wa pili. Ruta za 4G na 5G hutumia antena zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kufunga moja na kuacha tundu la pili wazi ni kujinyima.

Antena ya kuelekeza upande mmoja haifai kwenye nanga. Nimewaona wakiisukuma kwa mkono kila robo saa kama walinzi wa zamu. Tumia inayotawanya pande zote, lakini usikimbilie yenye namba kubwa ya dBi, kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi kuelekea upande fulani. Antena ya dBi 9 haitengenezi nguvu mpya. Inabana mawimbi yawe kama sahani bapa. Mashua ikilala digrii 20 kwa upepo, sahani nayo inalala, upande mmoja ukielekea majini na wa pili mawinguni. Ya dBi 3 hadi 6 huvumilia mlalo.

Ikiwa mashua ni ya chuma au ya saruji yenye wavu wa chuma, usitarajie simu kufanya kazi chumbani. Umekaa ndani ya sufuria. Antena lazima iwe nje.

Urefu nao una kikomo chake. Simu iliyo mita 2 juu ya maji na mnara wa mita 50 huonana kwa mawimbi hadi kama kilomita 35. Antena ikipandishwa mita 16 juu ya mlingoti, inafika kama 45. Ni faida, lakini tazama kebo. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hupoteza karibu desibeli 1 kila mita. Mita 10 zinakubakizia sehemu moja ya kumi. Kebo nene ya LMR-400 hubakiza kama asilimia 60. Ndiyo maana wengi siku hizi hupandisha ruta yenyewe juu, ndani ya kasha lisiloingia maji, na kushusha kebo ya mtandao inayobeba pia umeme. Kebo hiyo huenda hadi mita 100.

Simama: usipande mlingoti peke yako, wala mashua ikiyumba, wala kwa kamba moja. Kama hujawahi kupanda, mlipe fundi wa milingoti. Na usitoboe mlingoti kupitisha kebo kabla hajakuonyesha mahali.

Ilikuwa nzuri, imefifia polepole

Chumvi. Sina zaidi ya kusema, ila jinsi ya kuithibitisha.

Andika RSRP ya leo. Fungua kiungo cha antena kilicho nje. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, au waya wa shaba umegeuka mweusi, usikisafishe. Kikate, rudi nyuma hadi ukute shaba inayong'aa, ufunge kiungo kipya. Maji hupanda ndani ya kebo kama mafuta kwenye utambi, na yakishafika mita mbili tatu hakuna kukata kutakakosaidia, ni kebo mpya. Funika kiungo kipya kwa tepu inayojigandisha yenyewe, juu yake tepu ya kawaida ya kuzuia jua, na uache kebo ining'inie kidogo chini ya kiungo ili matone yadondokee pale badala ya kufuata kebo hadi ndani. Kisha pima RSRP tena.

Dishi la setilaiti linakatika kila baada ya muda mfupi

Setilaiti za Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, ziko chini, pungufu ya kilomita 600, na zinapita mbio; dishi hurukia nyingine kila baada ya sekunde chache. Kila iliyofichwa na kitu ni pengo. Fungua ramani ya vizuizi kwenye programu baada ya saa kadhaa. Mlingoti utaonekana kama mstari, tanga kama ukuta.

Umbali ndio unaotibu. Mlingoti wa unene wa sentimita 15 ukiwa mita 2 kutoka kwenye dishi unaziba zaidi ya digrii 4 za anga. Ukiwa mita 5 unaziba chini ya 2. Kwa hiyo tezi, juu ya fremu ya sola, ni bora kuliko karibu na mlingoti. Waya mmoja wa nyuma unaoshikilia mlingoti haudhuru sana. Mti wa chini wa tanga, pamoja na tanga lililokunjwa juu yake, unadhuru. Mkiwa nanga uvute pembeni.

Vizuizi vikiwa havipo: suuza uso wa dishi kwa maji baridi, chumvi na kinyesi cha ndege huganda. Kagua plagi yake, ile ya kwanza kuota kutu. Kisha rudi kwenye sehemu ya volti hapo juu.

Na kama imekata ghafla mkiwa mbali na pwani, wala si kidogo kidogo, ni kifurushi. Vifurushi vya nchi kavu havikusudiwi bahari kuu. Soma masharti kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu kubadilisha kifurushi kunahitaji intaneti.

Simu ya setilaiti inachukua milele

Huenda haina tatizo lolote. Vifaa vya zamani vya Iridium, mtandao wa simu za setilaiti, hupitisha kilobiti 2.4 kwa sekunde. Faili la hali ya hewa la kilobaiti 100 litachukua dakika 5 na nusu mambo yakienda vizuri. Picha ya megabaiti 3 ni karibu saa tatu. Punguza eneo la ramani ya hali ya hewa, punguza siku, na hakikisha kompyuta iliyounganishwa haifanyi kingine chochote kwa siri. Ikikatika katikati, antena haioni anga lote. Ipeleke wazi, mbali na matanga.

Bando linayeyuka

Hakuna mwizi. Ni simu zinazopandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni na kompyuta zinazojisasisha, kwa sababu zinaona Wi-Fi na kudhani ni ya nyumbani isiyo na mwisho. Kwenye kila kifaa, weka alama kwamba Wi-Fi ya mashua ni ya kulipia kwa kipimo. Kisha angalia kwenye ruta ni kifaa gani kinakula; mara nyingi ni cha mtoto au cha mgeni aliyeshuka wiki iliyopita na kumwachia mwenzake nenosiri.

Kuna bili moja ya kutisha: simu kushika mtandao wa meli ya abiria iliyo jirani. Meli hizo zina minara yake inayopitia setilaiti, na bei yake haihusiani na kifurushi chako. Zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha unapokuwa baharini.

Umevuka mpaka, kimya

Angalia kwanza kama data ya ng'ambo imewashwa, kwenye ruta pia, si kwenye simu tu. Kama laini ni mpya ya nchi hiyo, APN ya zamani, yaani jina la njia ya intaneti la kampuni ya simu, bado imo, iandike upya. Ikifanya kazi kwa miezi halafu ikafa siku moja bila sababu, fikiria usajili wa kifaa chenyewe: Uturuki, kwa mfano, kifaa cha kutoka nje chenye laini ya huko huzuiwa baada ya siku 120 kisiposajiliwa.

Simama: vifaa vya setilaiti si halali kila mahali. India hairuhusu simu za Iridium na Thuraya bila kibali, na watu wamekamatwa kwa hilo. Uliza mamlaka za nchi uendako kabla ya kuwasha.

Redio ya VHF inakoroma tangu ufunge intaneti

Kigeuzi cha volti cha bei rahisi hupiga kelele kwenye masafa ya redio. Zima dishi na ruta, sikiliza chaneli 16 ya VHF, redio ya kuongea chombo kwa chombo. Ikinyamaza, umepata jibu. Tenganisha kebo zao na ya VHF, funga vipande vya feraiti vinavyozuia kelele kwenye kebo ya umeme, na ikishindikana badilisha kigeuzi. Usiizoee kelele hiyo. Inameza hata ishara za AIS, zinazotangaza mahali meli zilipo, za meli zinazokujia, na ukipata dhiki ni VHF na boya la dharura la megahezi 406 vitakavyokuokoa, intaneti ikiwa imezimika pamoja na betri.

Kila kitu kimekufa baada ya radi

Simama, moja kwa moja. Kabla ya kufikiria ruta, fungua ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, uangalie maji, kwa kuwa radi hutafuta njia ya kutokea na inaweza kutoboa mwili wa mashua au kulegeza vali zilizo chini ya maji. Usiwashe vifaa kimoja kimoja kuona kipi kimepona. Waya ulioungua ndani ya ukuta unaweza kushika moto baadaye. Piga picha, usitupe kilichoharibika hadi mkaguzi wa bima akione, na umwite fundi. Mkilazimika kusafiri kufika kwake, linganisheni kwanza dira ya sumaku na mwelekeo mnaoujua kwa hakika, maana radi huweza kuiharibu dira bila kuacha alama.